Albamu ya Chumba cha Magodoro

Shangazi yangu alikuwa mshona magodoro. Sisemi muuza magodoro, maana siku hizi mtu akisikia godoro anafikiria kitu cha sponji kilichotoka kiwandani kimevishwa nailoni. Yeye alishona. Unamletea godoro lako la pamba lililolala bapa kama ubao, analichana, anaimwaga pamba yote sakafuni, anaipiga kwa fimbo mpaka iumuke, kisha anaijaza kwenye kitambaa kipya cha mistari na kukuambia, "Haya, nenda kalale kama mtu." Sokoni walimwita Mama Godoro. Wengi, nadhani, hawakuwahi kujua kwamba ana jina jingine.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya soko, kati ya muuza ndoo na fundi redio. Kirefu, chembamba, chenye dirisha moja lililozibwa na marobota ya pamba. Magodoro yaliyosubiri wenyewe yalisimamishwa kutani pande zote mbili, katikati pakabaki ujia wa mtu mmoja, tena asiwe mnene. Ukiingia na kufunga mlango, kelele za soko zilikatika kama zimekatwa kwa mkasi. Hata sauti yako mwenyewe ilikurudia imechoka. Nilipokuwa mdogo kimya kile kilinitisha. Leo ningetoa mengi nikisikie tena.

Aliyegundua faida yake ni yule fundi redio wa jirani, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, tuliyemwita Fyuzi. Alikuja siku moja kuazima mkasi. Akasimama katikati ya magodoro, akapiga kofi, akasikiliza, akapiga tena.

"Kuna mbu?" Shangazi akauliza.

"Mama, humu hakuna mwangwi kabisa."

"Nilikuambia nautafuta?"

Fyuzi akasahau mkasi, akatoka mbio kumtafuta Sindano.

Sindano alikuwa mwanawe Shangazi, binamu yangu. Jina alipewa kwa wembamba wake, na kwa vile alikulia chini ya meza ya mama yake akiokota sindano zilizodondoka. Alikuwa akirap tangu shuleni. Nyimbo zake za mwanzo zilikuwa za kujisifu tu: ana magari, ana walinzi, na kumbe viatu anaazima. Lakini mwaka ule mambo yalibadilika. Baraza la mji lilikaa likaamua kiwanja cha soko kipewe kampuni fulani ijenge maegesho na maduka ya vioo. Wafanyabiashara wakaambiwa watatafutiwa pahali pengine. Wapi, hakuna aliyesema. Madiwani walipiga kura kwa kuinua mikono, na diwani wa kata yetu naye aliinua.

Diwani huyo alikuwa baba yangu. Ndiye mdogo wake Shangazi, wa tumbo moja.

Basi fikiria nyumba zetu zilivyokuwa. Shangazi hakuja kwetu, Baba hakupita sokoni. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, nikamwambia Baba nakwenda kwa Shangazi kujifunza kushona. Hakunizuia. Alisema tu, "Msalimie," akarudi kwenye gazeti lake. Sikumdanganya sana, maana kushona nilijifunza kweli. Lakini Jumapili mchana, soko likifungwa, tulikuwa tunafanya kazi nyingine.

Fyuzi alileta kompyuta yake isiyo na kifuniko, matumbo yote nje. Feni yake ilikoroma kama mzee aliyeshiba, kwa hiyo tuliiweka nje barazani chini ya mwavuli, nyaya zikapita chini ya mlango. Maiki ilining'inizwa kwa uzi wa katani kutoka kwenye boriti, na mbele yake ikafungwa soksi ya Sindano kuzuia mate na upepo. Imeoshwa? Alidai imeoshwa. Tuliegemeza magodoro mawili yakutane juu kama paa, na anayeimba aliingia humo akatoka amelowa jasho, na nyuzi za pamba kwenye nywele.

Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, akishona, akijifanya hasikii. Siku ya kwanza Sindano alipotangaza kwamba amemaliza kuandika mistari, aliinua uso.

"Mistari? Hata godoro langu lina mistari, na halimpigii mtu kelele."

Tulicheka mpaka Fyuzi akaja kuchungulia.

Biti ya kwanza ilitoka mikononi mwa Shangazi bila yeye kutaka. Alikuwa anapiga pamba, fimbo mbili, moja ikishuka nyingine ikipanda: puu-pa, puu-pa, na kila baada ya muda anatulia kidogo kuigeuza. Fyuzi akawasha mashine. Baadaye akamwomba apige tena, ila haraka zaidi, ifuatane na wimbo.

"Haraka nitaipasua," Shangazi akasema. "Pamba ina mwendo wake. Ninyi ndio mtembee nayo."

Fyuzi alibishana kidogo, kisha akasalimu amri. Akateremsha mwendo wa wimbo mzima, na Sindano akalazimika kurap polepole, neno baada ya neno. Sijui kama angewahi kueleweka vizuri vile bila zile fimbo. Awali alikuwa akikimbiza maneno kama anayefukuzwa na mbwa. Sasa kila neno lilikaa pahali pake, nawe ukawa huna pa kukimbilia.

Mimi niliimba viitikio. Sauti nilirithi kwa Baba, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya kabla siasa hazijamchukulia Jumapili zake. Tulikubaliana jina langu lisiandikwe popote.

Wimbo mkubwa wa albamu tuliuita "Nani Kainua". Ubeti wake wa kwanza bado naukumbuka:

*Mkono ulionipungia siku ya kura*
*Leo umepaa ukumbini kunipora;*
*Ulimbeba mwanangu mkapigwa picha,*
*Leo ukiniona, mfukoni wajificha.*

Nami nadakia:

*Nani kainua? Semeni tumjue.*
*Nani kainua? Shusheni mpumue.*

Ubeti wa pili ndio ulioleta kizaazaa. Baba alikuwa akichechemea. Mguu wake wa kushoto ulidumaa utotoni baada ya ugonjwa. Sindano aliandika: *Mguu wake mfupi, mkono wake mrefu.* Fyuzi aliposikia aliruka, akapigapiga mlango kwa furaha. Nami nikiri, nilicheka.

Shangazi akaweka sindano chini. Alikuwa hajawahi kuweka sindano chini tukiwa tunarekodi.

"Hilo la mguu toeni."

"Mama, huo ndio mstari mtamu kuliko yote!" Sindano akalalamika. "Watu watauimba mji mzima."

"Najua ni mtamu. Ndiyo maana nasema utoeni. Aliinua nini pale ukumbini, mguu?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Aliinua mkono. Mkono mseme mpaka mchoke, sitawazuia, hata mimi nina maneno yangu juu ya huo mkono. Mguu wake uacheni. Ule mguu niliubeba mimi mgongoni, kwenda shule na kurudi, mpaka watoto wenzangu wakaniita punda. Alikuwa akinishika shingo na kunisomea somo la jana nisisahau."

Sindano alitoka nje akakaa ukutani kwa hasira. Alikaa sana. Aliporudi, mstari ulikuwa umebadilika, na kusema kweli ule mpya haukuwa mkali kama wa kwanza. Tuliurekodi hivyo hivyo. Nadhani siku ile binamu yangu aliacha kuwa kijana wa kutafuta shangwe, ingawa mwenyewe akikumbushwa hukataa.

Albamu ilipokamilika tulitaka kuisambaza mara moja. Shangazi akatusimamisha tena.

"Kwanza atakuja kuisikia."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Sitaki aisikie barabarani, watu wakimtazama usoni. Ataisikia kwangu, ameketi."

Sindano alisema Mjomba ataleta askari. Fyuzi alianza kufungua nyaya zake palepale. Lakini Shangazi alikwishatuma salamu, na Jumapili iliyofuata nikiwa nje nilimwona Baba akija kwa mwendo wake ule, peke yake, kofia mkononi, akipita kati ya vibanda vilivyofungwa. Alikuwa hajafika pale tangu ile kura.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia. Kaa hapo, hilo ni jipya."

Akakaa juu ya godoro lililolazwa, akaweka kofia gotini. Aliponiona mimi hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Fyuzi akabonyeza kitufe, akatoka nje eti kuangalia waya.

Tulisikiliza albamu nzima. Sijawahi kuona kitu kirefu kama ile albamu mchana ule. Baba alitazama sakafu. Ulipofika "Nani Kainua" vidole vyake vikaanza kuzungusha kofia, taratibu, kama anayetafuta mahali ilipoanzia kushonwa. Ikaisha. Nje mtu alikuwa akikokota mkokoteni.

"Rudisheni ule wa mikono," akasema.

Tukaurudisha. Ulipoisha alishusha pumzi.

"Tuliambiwa soko jipya litajengwa kwanza."

"Na ukaamini?" Shangazi akauliza.

"Nilitaka kuamini. Wenzangu wote walikuwa wameinua, dada. Nikaona ukiwa peke yako mkono uko mezani, unaonekana mjinga."

"Sasa unaonekanaje?"

Baba akatikisa kichwa, karibu acheke. "Mnajua nitaulizwa."

"Utajibu. Mdomo si unao?"

Sindano, aliyekuwa amesimama mlangoni tayari kukimbia au kupigana, sijui kipi, akakohoa. "Mjomba, unataka tuutoe?"

"Nikikuambia uutoe, utautoa?"

"Hapana."

"Basi usiniulize." Akainuka kwa kujishika kwenye magodoro. Alipofika kwangu akasimama. "Huyu anayeimba kiitikio anavuta pumzi kifuani. Avute tumboni, na ainue kidevu. Mnaharibu sauti ya watu."

Akavaa kofia, akaenda zake. Shangazi alimsindikiza mpaka kwenye lango la soko, na kwa mbali tuliwaona wamesimama wakiongea. Walichosema sijakijua mpaka leo. Mimi niliingia ndani ya lile paa la magodoro, nikamwambia Fyuzi awashe maiki. Niliimba kiitikio upya, kutoka tumboni, kidevu juu, machozi yakinitiririka. Hicho ndicho kilichobaki kwenye albamu.

Redio haikupiga hata wimbo mmoja. Mtangazaji mmoja alituita pembeni akasema, "Biti nzuri, maneno mazuri, lakini mimi nina watoto." Kwa hiyo ilienda kwa mikono. Fyuzi alinakili sidii, vinyozi wakaziweka kwenye vibanda vyao, wauza mitumba wakaipiga toka asubuhi. Kwenye mkutano wa hadhara, kiongozi mmoja mkubwa alisimama kuhutubia, akasema wanaokubaliana naye wanyooshe mikono, na uwanja mzima ukamjibu kwa kuimba: *Nani kainua?* Alicheka ili aonekane mwenzetu. Halafu akaona hatuachi, akakaa.

Ningependa kusema soko lilipona. Halikupona. Lilivunjwa siku moja asubuhi na mapema, mashine zikaanzia upande wa mboga. Lakini kwa sababu ya kelele ile, watu walipewa kiwanja kingine kwanza, kibovu, chenye matope, ila kiwanja. Baba alikuwa kwenye kamati iliyokidai, akasimama mbele ya baraza la mji akasema waziwazi kwamba ile mara ya kwanza alikosea. Uchaguzi uliofuata hakugombea. Alirudi kwenye kwaya. Jumapili jioni alikuwa akienda kwa dada yake, na ukipita ungewasikia wakibishana juu ya mambo ya utotoni, nani alimwangusha nani mtoni.

Shangazi alishona magodoro mpaka vidole vilipogoma. Tulimzika akiwa mzee, na aliyelia kwa sauti kuliko sote ni Fyuzi, ambaye sasa ana duka la simu na miwani isiyo na waya. Sindano anafundisha watu udereva. Wanafunzi wake wanasema ni mpole, na nikisikia hivyo nacheka peke yangu.

Juzi nilikuwa saluni nasukwa. Msusi, msichana mdogo kuliko albamu yenyewe, aliweka nyimbo kwenye simu yake, na katikati ya nyimbo za kisasa nikasikia zile fimbo zikipiga pamba. Nikainua kichwa.

"Unaijua hii?" nikamuuliza.

"Ya zamani sana, mama. Alikuwa nayo kaka yangu. Nadhani walioimba walishakufa."

Ukaja ule wimbo wa tatu ambao Sindano anaangua kicheko katikati ya ubeti, kwa sababu Shangazi alifungua mlango tukiwa tunarekodi. Fyuzi alikataa katakata kulifuta lile kosa. Sauti ya Shangazi inasikika wazi kabisa, ya mtu mwenye haraka zake: "Mnakunywa chai au hamnywi? Semeni niifunike."

"Hapa ndipo napapenda," msusi akasema huku akicheka. "Sijui huyu mama walimtoa wapi."

"Ni shangazi yangu," nikamwambia.

"Haya, mama," akasema, kwa sauti ile ya kumkubalia mtu mzima ili yaishe. "Inamisha kichwa."