Video Mbili za Harusi ya Lurujo

Mdogo wangu alipooa kule Lurujo, nilipiga video mwenyewe. Ndiyo kazi yangu. Nina studio ndogo mjini Arua, hapa Uganda. Kati ya wageni alikuwapo rafiki yangu kutoka Sudan Kusini, ambaye tulijifunza kazi pamoja kabla hajahamia Koboko kufungua duka lake. Naye alikuja na kamera. Mimi nilikuwa nimemwalika yeye, si kamera yake.

Niliporudi Arua nilikaa na kazi ile wiki nzima. Kwenye programu ya kubana video kuna namba ya ubora: ukiishusha, picha inatakata na faili linanenepa, ukiipandisha, faili linakonda na nyuso zinaanza kuvunjika vipande. Niliishusha sana. Nilitaka kila ushanga wa bibi harusi uonekane. Faili lilipotoka, halikuweza kutumwa kwa mtandao, nikalitia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na kumpa jirani aliyekuwa anaelekea Koboko amfikishie mama kijijini. Nikasubiri sifa.

Sifa zilikuja, ila hazikuwa zangu. Shangazi alipiga kutoka Pajulu kusema ameiona harusi kwenye simu mpaka amelia. Nilimuuliza ameipata wapi, akashangaa, kwani ukoo mzima ulikuwa umeshatumiana. Nikaifungua. Pembeni pameandikwa jina la duka la rafiki yangu. Majani nyuma ya wachezaji yalikuwa ukungu wa kijani, lakini nyimbo zilisikika vizuri, na video yenyewe ilikuwa nyepesi, inapita hata kwenye mtandao wetu huu. Niliitazama nikitafuta makosa tu.

Nikampigia mama.

"Yako ilikataa," akasema. "Inaonyesha picha moja, inasimama. Ya mwenzako iko natembea."

"Yangu iko safi zaidi, mama."

"Labda. Mimi sijaona."

Roho iliniuma. Rafiki yangu alipopiga, niliiacha simu ilie mpaka inyamaze.

Kisha niliazima simu ya zamani kama ya mama, nikakata kipande cha ngoma, maana vumbi na sketi zinazozunguka ndivyo vinavyolemea faili. Nikakibana, nikakijaribu kwenye simu, nikapunguza ukubwa wa picha, nikapandisha namba kidogo, nikajaribu tena. Nyuso zilipoanza kuvunjika, nikarudi nyuma hatua. Niliacha pia ule ubanaji wa kisasa ambao simu za zamani haziuelewi. Nadhani ndio uliomkwamisha mama. Mwishoni video yangu ikawa nyepesi kama ya mwenzangu, na safi kuliko yake. Niliziweka zote mbili mbele yangu, nikaona raha ambayo nisingependa mtu aione usoni mwangu.

Nilimtumia mama. Alipiga siku hiyohiyo, akasifu shanga, akasifu nguo. Halafu akasema alifuta ile ya mwenzangu ili yangu ipate nafasi, na sasa amekosa kitu.

"Ambia mwenzako atume tena pale mimi nacheza na dada zangu. Kwako haiko."

Kweli haikuwapo. Wakati huo nilikuwa nyuma ya hema nikibadilisha betri.

Nikampigia rafiki yangu. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote zile, akatuma tu. Kabla ya kumpelekea mama nilikitazama kile kipande: mama amevua viatu, anacheka mdomo wazi, uso umejaa ukungu. Nikakirudia mara nyingi, nikimwonea wivu rafiki yangu kuliko mwanzo.