Kitambaa Cheusi cha Sostenes

Suzana wa Ushetu si mtu wa kulialia. Amelima tumbaku tangu akiwa na mimba ya Martina, amezika mume, na kwenye jumuiya yao ndiye anayeanzisha nyimbo. Lakini Jumamosi hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, ameikaza kanga kiunoni, anaitazama Datsun ya marehemu mume wake na kuona wazi kwamba leo anaiaga.

Ile Datsun, jamani! Gari la mbio, milango miwili, pua ndefu, jekundu lililopauka mpaka likawa rangi ya tofali. Sostenes aliinunua kwa mzee mmoja wa Mwanza aliyekuwa akishindana nayo enzi zake, mwaka ule alipopata dhahabu Nyarugusu. Wenzake walinunua ng'ombe, wengine wakaongeza wake. Yeye akaleta gari la viti viwili kwenye kijiji ambacho mtu akisafiri, anasafiri na kuku, mbuzi na shangazi. Walimcheka mpaka basi. Ila uchungu ulipomshika Suzana, masika yamekolea, ni gari hilo hilo lililomfikisha Kahama, na Martina akazaliwa kitandani badala ya kuzaliwa kwenye matope. Tangu hapo Suzana hakukubali mtu yeyote aliseme ovyo.

Kisha Sostenes alikwenda tena machimboni, akarudishwa mgonjwa, akafa. Gari likabaki kwenye banda la kukaushia tumbaku.

Sasa shemeji yake Jilala, kaka mkubwa wa marehemu, analitaka banda. Ameita wanunuzi wa chuma chakavu, lori lao limeegeshwa barabarani na vijana wake wanakunywa soda dukani. Jilala si mtu mbaya, ila akishasema amesema.

"Mayu," alimwambia Suzana mbele ya wote, akimwita mama kwa Kisukuma, "sitaki ugomvi. Gari hili likiwaka leo likatoka uani lenyewe, ni lenu, na mimi nitajenga banda lingine. Lisipowaka, linapanda lori."

Martina alitoka Nyarugusu jana yake kwa ajili hiyo. Yeye ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na injini ya dizeli ikikohoa tu anajua inaumwa nini. Kila Krismasi alikuwa akija nyumbani, anatia oili kwenye silinda za Datsun na kuizungusha injini kwa mkono isigande. Safari hii alikuja na betri nzuri, petroli mpya na kiburi chake chote.

Na dizeli ndiyo iliyomponza. Injini ya dizeli haitaki cheche kama ya petroli. Inataka mafuta safi na mabomba yasiyo na hewa. Basi asubuhi nzima Martina akahangaika na mafuta. Akaosha tangi, akapuliza mabomba, akafungua kabureta zote mbili na kuzisugua kwa mswaki. Anawasha, stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Akarudi kupuliza mabomba yale yale. Vijana wa lori wakaanza kusogea na kamba.

"Fundi, mgonjwa ameshakata kauli," mmoja wao akasema.

"Wewe kunywa soda yako," Martina akamjibu bila kuinua kichwa.

Hatimaye akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akamwomba Jilala, baba yake mkubwa, azungushe ufunguo. Hakuna cheche. Akafungua kifuniko cha distributa, akasugua platini za ndani yake, akafunga. Hakuna. Akachomoa waya mnene unaoleta umeme kwenye distributa kutoka kwenye koili, akausogeza karibu na chuma, na hapo cheche ikaruka, ya bluu kabisa. Akachanganyikiwa. Umeme unafika mlangoni, ila ndani hauingii. Akampigia fundi mmoja wa zamani wa Kahama, akaweka simu kwenye spika juu ya boneti.

"Rota umeiona?" mzee akauliza.

"Rota ipi?"

"Binti, hiyo ndiyo inayogawa umeme kwa kila plagi. Ukifungua kifuniko unaikuta katikati, imechomekwa kwenye ncha ya chuma. Kidude cha kahawia, ukubwa wa kidole gumba, juu kina kibati cha shaba."

Martina akafungua tena. Ncha ya chuma ilikuwa tupu. Muda wote alikuwa akiiona na hakujua kama kuna kitu kimepungua.

"Haipo," akasema.

"Basi msijisumbue. Bila hiyo haliwaki."

Suzana akageuka, akautazama mlango wa nyumba yake. Kidude hicho alikijua. Kilikuwa chumbani kwake, chini kabisa ya sanduku la bati, kimefungwa kwenye kitambaa cheusi. Sostenes alimkabidhi asubuhi ile alipoondoka kwa safari yake ya mwisho ya machimbo. "Kifiche vizuri," alisema. "Hiki ndicho kinacholinda gari lisiibiwe." Akaenda zake na haraka zake. Suzana, mtoto wa Kisukuma aliyekua akiwaona waganga wakiingia na kutoka, akafungua kitambaa mara moja tu, akaona, akafunga. Hakuhitaji kuelezwa. Mume wake, ambaye siku ya kubatizwa alichoma hirizi zake zote mbele ya kanisa, alikuwa amerudi kwa mganga kulizindika gari.

Hakumuuliza. Aliporudi alikuwa mtu wa kubebwa, na nani anamuuliza mgonjwa wa vile habari za waganga? Miaka yote, kila akimtaja Sostenes kwenye misa ya marehemu, moyo ulimchoma kwamba alikufa na uongo. Kukitupa aliogopa. Kukionyesha aliona aibu.

Na pembeni yake leo alikuwa amekaa Eunice, mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuja kumtia moyo. Eunice ambaye akisikia hirizi imeonekana hata kijiji cha tatu anaitisha sala. Suzana akinyamaza, gari linaondoka lakini jina la mume wake linabaki safi. Akisema, kesho kijiji kizima kina habari. Kamba ilikuwa tayari imefungwa kwenye bampa ya mbele.

"Subirini," akasema, sauti ikatoka ndogo.

Akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa. "Hii ni dawa ya marehemu. Alilizindikia gari, na mimi ndiye niliyeificha, Mungu anisamehe. Lakini fundi amesema kahawia na shaba. Siwezi kuacha gari liende kwa sababu ya aibu yangu."

Eunice akafanya ishara ya msalaba. Martina akafungua fundo, akatazama, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

"Mama, hii ndiyo rota."

"Nimesikia. Lakini baba yako aliipeleka kwa..."

"Hakuipeleka popote." Akainamia simu. "Mzee, mtu anaweza kuing'oa makusudi?"

"Sote tulikuwa tunaing'oa," mzee akajibu. "Ukilaza gari, unaondoka na rota mfukoni. Mwizi atasukuma mpaka achoke."

Suzana akakaa chini, pale pale vumbini. "Na kitambaa cheusi?"

Martina akakikunjua, akakinusa. "Mfuko wa suruali kuukuu, Mama. Bado unanuka oili."

Eunice aliinama, akamshika Suzana mkono, akamwinua.

Martina akasugua kibati kwa msasa, akachomeka rota, akafunga kifuniko. Mara ya kwanza gari lilipiga chafya. Mara ya pili likatoa moshi mweusi ukawakimbiza kuku. Halafu likashika, likanguruma mpaka mabati ya banda yakatetemeka. Vijana wa lori wakafungua kamba wenyewe.

"Wabeja, ng'wanone," Jilala akamshukuru Martina kama mwanawe, na akaenda mwenyewe kulifungua lango.

Suzana akapanda kiti cha pili. Gari likatoka uani taratibu, likapita kando ya lori, likaingia barabarani. Martina alikuwa akisikiliza injini, kwa hiyo hakusikia mama yake akinong'ona.

"Nisamehe, baba Martina. Ungeniambia tu kwamba ni spea. Na mimi ningekuuliza tu."