Lori la vifaranga na bahati yangu ya leo

Wakubwa, mimi nilizaliwa na bahati! Leo nimevusha lori zima la vifaranga wa siku moja hadi Uganda, na hakuna hata mmoja aliyekufa.

Si mnajua kazi yangu? Napanga lori gani lipite wapi, na dereva yupi.

Asubuhi foleni ya mpakani Malaba haikusonga. Nikampigia Auma, dereva wangu: "Dada, geuza, pitia mpaka wa Busia. Huko kumefunguka."

Saa nne, jua kali, ndipo nikasoma karatasi za forodha.

Zimeandikwa Malaba!

Busia wangemrudisha, na kwa joto lile vifaranga wangekufa njiani. Nampigia, simu imezimwa. Jamani, nikapiga tena na tena.

Saa tano akapiga mwenyewe.

"Boss, nimevuka. Wanalia vizuri tu."

"Busia wamekubali?"

"Busia gani? Nilisoma karatasi, nikabaki Malaba. Madereva wenzangu wakaona vifaranga, wakanipisha."

"Na simu?"

"Niliizima. Ungebishana, na vifaranga hawana huo muda."

Chekeni tu, nimekubali.

Ile bahati ya hapo juu ni uongo. Nilikosea, na Auma hakunisikiliza.