Papa Nestor ahamisha saa zake kumpisha mjukuu

Jua limekwisha kupanda juu ya vilima vya Kingi, karibu na Masisi, na ng'ombe wa bwana mwenye shamba wamekwisha kukamuliwa. Papa Nestor Hakorimana amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anatazama ukuta.

Ukutani zimejaa saa zake kumi na tatu. Moja ni paka anayezungusha macho. Nyingine ni kuku wa bati, anadonoa mchana kutwa na hashibi. Ile ya mbao ina ndege anayechungulia mlangoni kama jirani aliyesikia harufu ya nyama. Hakuna mbili zinazokubaliana.

"Hii nyumba iko ya saa, sisi tuko wageni," asema mkewe, Mama Thacienne, akichambua maharagwe. "Zikilia zote, hata Mungu hasikie sala yangu."

Nestor amekamua ng'ombe wa watu miaka ishirini. Saa ya kwanza ilitupwa, mbovu, na mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Nyingine alizipata kwa mbuzi, kwa maharagwe, hata kwa koti alilooa nalo.

Ile ya ndege ndiyo iliyomgharimu. Mwaka 1950 aliifuata kwa miguu hadi Itebero, msituni Walikale, kwa mwindaji mmoja. Binti yake Colette alimbebea chakula cha njiani. Barthélemy, kijana wa mwindaji, akampenda, wakaoana.

"Nilienda kuleta saa, nikaacha binti," asema Nestor. Anajaribu kucheka, kicheko kinageuka kikohozi.

Mwaka jana Colette alijifungua huko msituni, mbali na madaktari. Mtoto hakupona. Sasa ana mimba nyingine, na Barthélemy anamleta polepole ajifungulie hapa, karibu na wauguzi wa misioni. Wamebakiza siku chache kufika.

Na nyumba ina chumba kimoja tu kisichovuja. Ndicho cha saa.

"Mutoto atalala wapi, Papa? Juu ya ile paka?"

"Nimesikia, Mama. Kwani unaona nafanya nini?"

"Naona umekaa."

Nestor anainuka. Vidole vilivyovimba kwa kukamua vinashusha saa moja moja, majirani wanapokea mlangoni. Polycarpe, wa nyumba ya pili, anachukua kuku wa bati.

"Mama Emérence anasema kuku akuje bila kelele," anaonya kwa niaba ya mkewe. "Ao atamupika."

"Amupike. Mimi nimechoka."

Inabaki ya ndege. Nestor anaishika muda mrefu. Kisha anamsukumia Polycarpe kifuani.

"Na hii beba. Nilishailipa sana."

Mvua inaanza. Nestor anatandika mkeka mpya, halafu anapapasa ukuta mtupu kwa kiganja, toka juu hadi chini.

"Pako pakavu," anamwambia mkewe. "Akizaliwa, alie mpaka majirani walalamike. Hiyo njo kelele tu naomba."