Shanga za Akeno na Kimashine cha Wageni

Vidole vya Akeno vinaruka vyenyewe, naye anavitazama kama watoto wa jirani waliokosa adabu.

"Nani amevituma?" anauliza kwa Kiturkana.

"Mimi," anajibu Lokuruka. "Tulia, mama."

Lokuruka ni mtaalamu wa ganzi katika hospitali moja mjini Lodwar. Ameingiza sindano kwapani mwa mama huyu wa Lokitaung, aliyevunjika mkono alipoanguka na pikipiki. Waya unaiunganisha sindano na kimashine kidogo cha umeme. Anaupunguza umeme, vidole vikiendelea kuruka, anajua amekaribia mshipa wa fahamu. Hapo anasukuma dawa. Mkono unalala, mwenyewe yuko macho, anapiga domo.

Jana mambo yalikuwa mengine. Daktari wa upasuaji alitaka Akeno alazwe usingizi kabisa, mpira upitishwe kooni, na shanga zake zilizorundikana hadi kidevuni zikatwe kwa mkasi. Akeno akaushika mkono wake uliovunjika, akaelekea mlangoni.

"Hizi huvuliwa mume akifa," alisema. "Mume wangu yuko hai, anachunga mbuzi. Mnataka kumzika?"

Lokuruka akasema mkono unaweza kulazwa peke yake, kimashine si kipo? Kipo. Ila sindano zake ziliisha mwaka jana na hakuna aliyejisumbua kuagiza nyingine. Wageni waliokitoa msaada wakija na kamera zao, kinapanguswa, kinapigwa picha, kinarudi kabatini.

"Hapa ndicho kinacholala vizuri kuliko mgonjwa yeyote," alisema Lokuruka, bila kucheka. "Mkasi haujawahi kukosekana hata siku moja. Kwa hiyo tumwondolee mama heshima yake kwa sababu mkasi uko karibu?"

Akampigia Athieng, muuguzi kutoka Sudan Kusini aliyefanya naye kazi miaka sita katika zahanati moja kambini Kakuma. Athieng alizituma sindano mbili kwa gari la asubuhi. Lakini kwanza alimchoma kwa maneno.

"Wenye nchi mnamwomba mkimbizi sindano? Hamwoni haya, kaka?"

Haya anaiona. Sindano iliyobaki amemwekea mgonjwa ajaye, na ameapa kumsumbua mkubwa wake kila asubuhi hadi boksi zima lifike.

Alhamisi wageni wanakuja tena. Ameagizwa asimame na kimashine mkononi, atabasamu. Amekataa.

"Nitawapeleka wodini kwa Akeno," anasema. "Mkono ndio nilioupiga ganzi. Mdomo sikuugusa."