Kipande cha Mabao: Ligi ya Ulaya Ndani ya Tangi la Mkonge

Sogea karibu, ndugu msomaji, hasa wewe uliyewahi kunywa uji wa shule ulioungua ukaumaliza na kulamba kikombe. Nataka nikueleze jambo taratibu, maana watoto wetu wa hapa Sydney nikiwaeleza hunitazama kana kwamba nimetolewa makumbusho kwa likizo fupi. Enzi zetu, sisi watoto wa shamba la mkonge karibu na Muheza, tulicheza msimu mzima wa klabu za Ulaya. Wala si kandanda. Tulicheza polo ya majini.

Kama huujui mchezo huu, usione haya, nami sikuujua mpaka nilipoutumbukia. Kila timu ina watu saba, mmoja wao golikipa. Mnaelea kwenye maji yenye kina, hakuna kusimama chini, na mpira unadakwa kwa mkono mmoja tu, isipokuwa golikipa anayeruhusiwa miwili. Mwenye mpira mnaruhusiwa kumsumbua. Hilo la mwisho ndilo tulilolielewa upesi kuliko mengine yote.

Aliyetufundisha ni fundi mitambo wa kiwanda, Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Yani. Alikuwa mtu mfupi mwenye sharubu nene, na kahawa yake ilikuwa nyeusi kama grisi aliyoipaka mashine. Kazi yake ilikuwa kuitunza korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi za kamba. Nje ya kiwanda palikuwa na tangi kubwa la saruji lisilofunikwa, la kuhifadhi maji ya korona. Wakubwa waliliona tangi. Bwana Yani, aliyekuwa amekulia majini huko kwao, aliona uwanja.

Magoli tuliyatengeneza kwa milingoti ya mkonge, ambayo ni miepesi na inaelea, na nyavu tukazisuka kwa singa zilizookotwa mahali pa kuanikia. Mpira ulikuwa mmoja, wa Bwana Yani mwenyewe, wa rangi ya manjano, na ukipotea majanini timu zote mbili ziliutafuta pamoja bila uadui. Wasichana tulivaa kaptura za kaka zetu. Wakati wa mapumziko tulikula machungwa yaliyopakwa chumvi na pilipili, midomo inawaka, macho yanachuruzika, halafu tunarudi majini kupoza ulimi. Siku hizi mapumziko ya mwanangu yana chupa maalumu yenye kinywaji cha buluu. Nilikionja. Kina ladha ya sabuni ya kuoshea vyombo iliyosomeshwa.

Shambani tulikuwa na kambi mbili za wafanyakazi, Kambi ya Juu na Kambi ya Chini. Mimi nilikuwa wa Chini, na kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa rika langu, niliwekwa golini. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Enzi zetu vipaji viligunduliwa kwa kutazamwa urefu.

Sasa sikiliza jinsi ligi ilivyoanza. Dada yake Bwana Yani alimtumia magazeti kutoka Athene, bunda zima limefungwa kwa kamba, likija kwa meli na kufika likiwa na umri wa miezi mitatu. Bwana Yani alikaa juu ya ukingo wa tangi akatusomea matokeo ya klabu za Ulaya. Karakana yake ilikuwa upande wetu, basi kwa mapenzi akatupa sisi wa Kambi ya Chini jina la klabu yake ya Athene. Kambi ya Juu wakapewa Ulaya yote iliyobaki: Jumapili hii ni Wahungari, Jumapili ijayo ni Waitalia, inayofuata ni Wayugoslavia. Tulijiona tumependelewa. Hatukujua bado kwamba klabu ya Athene mwaka ule ilikuwa inafungwa na kila mtu.

Nikueleze pia mazingira yetu, ili usituone wajinga kupita kiasi. Shambani kila kazi ilikuwa na kipande. Mkataji mkonge alipewa idadi ya mafungu ya kukata kwa siku. Akimaliza kipande chake anakwenda nyumbani, hata kama ni saa nne asubuhi. Asipokimaliza, siku yake haihesabiwi. Sisi tulizaliwa tukayakuta mambo hayo, tukanyonya, tukatambaa, tukajua kwamba nambari ikisomwa na mtu wa kiwandani kutoka kwenye karatasi, hiyo ni kazi uliyopangiwa.

Kwa hiyo Bwana Yani aliposoma kwa sauti, "Budapesti saba, Athene tatu," hatukusikia habari. Tulisikia kipande. Kambi ya Juu wafunge saba, sisi tatu, ndipo watu waende nyumbani.

Na tukafanya hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, kwa adabu kubwa. Tukimaliza matatu yetu tunaacha kushambulia. Wao wakichelewa tunawahimiza, "Bado mawili, jamani, fanyeni haraka, mama ananisubiri nitwange!" Siku moja walifunga bao la nane kwa bahati mbaya, nahodha wao Mashaka akaomba radhi, tukalifuta. Bwana Yani hakujua lolote. Akishasoma alirudi karakanani kunywa kahawa yake, na akituuliza jioni matokeo, tukimwambia saba kwa matatu, alikuna sharubu na kusema, "Ajabu! Kama Ulaya kabisa!" Tulidhani anatusifu kwa kumaliza kipande.

Yote haya yangekuwa mchezo tu, kama si maji. Tangi lilijazwa upya kila Jumamosi asubuhi. Maji ya Jumamosi yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Lakini kufika Ijumaa wakataji wote walikuwa wameshanawia humo utomvu wa mkonge, na utomvu ule unawasha kuliko unavyoweza kufikiri. Wakubwa wa kambi walikubaliana kwamba kambi itakayoshinda mechi ya mwisho, watoto wake wataoga Jumamosi mwaka mzima. Itakayoshindwa, Ijumaa. Mwaka uliotangulia, tulipoamua kwa kuvuta kamba, sisi wa Chini tulipata Ijumaa. Mdogo wangu Salma, wa miaka mitano, alikuwa na vipele kutoka shingoni hadi kwenye nyayo, anajikuna hadi usingizini. Mama alikuwa akimpaka mafuta ya nazi huku akituambia, "Nyie mnakwenda kuoga au mnakwenda kujipaka upupu?"

Basi likabaki gazeti moja la mwisho kwenye bunda. Bwana Yani alilifungua, akasoma kwa sauti ya chini, "Zagrebu tano, Athene nne." Nikamtazama Salma aliyekaa ukingoni, akijikuna kifundo cha mguu kwa gunzi la muhindi.

Siku hiyo Bwana Yani hakurudi karakanani. Ilikuwa mechi ya mwisho, akabaki na kikombe chake kutazama. Tulicheza vizuri, nakuambia. Tukafunga manne yetu, wao wakafunga manne. Likabaki moja lao. Nahodha wetu Kasimu akaacha kuogelea, akaegemea ukuta.

"Rehema, wape chao twende. Jua linazama."

Mashaka akaja na mpira, hana haraka, kama mtu anayeleta barua.

"Sogea kushoto kidogo, dada," akaniambia. "Nitautupa taratibu, usiumie."

"Sisogei."

"Unasemaje?"

"Nimesema sisogei. Tupa uone."

Akacheka, akautupa. Nikauzuia kwa mikono yote miwili. Kelele iliyozuka sijapata kuisikia tena, hata kwenye stesheni ya treni ya Auburn hapa Sydney siku ya Idi. Kambi ya Juu walipiga maji kwa viganja.

"Umeharibu Ulaya! Rehema ameharibu Ulaya!"

"Wewe mtoto," Kasimu akanifokea, "unataka tulale humu? Kipande hakijaisha!"

"Basi kimalize wewe," nikamwambia, nikamtupia mpira kwa nguvu zangu zote.

Mpaka leo sijui kama alielewa au mpira ulimjia tu mkononi. Goli la wenzetu lilikuwa tupu, golikipa wao ameshatoka majini anakamua kaptura. Kasimu akageuka, akatupa. Athene tano.

Bwana Yani akaruka juu, kahawa ikamwagikia shati, akapiga kelele kwa Kigiriki. Kisha akaona hakuna anayeshangilia. Watoto kumi na watatu majini na mmoja ukingoni tulikuwa tukimtazama, tukisubiri adhabu.

"Nini? Kwa nini hapana shangilia?"

Mashaka akamweleza. Alieleza yote: saba kwa matatu, lile bao tulilolifuta, na huyu msichana aliyekataa kufungwa wakati karatasi imesema afungwe. Bwana Yani alisikiliza mpaka mwisho. Akalitazama gazeti, akatutazama sisi.

"Mimi soma habari tu," akasema. "Hii mambo kwisha fanyika huko, miezi tatu! Hapana amri. Nani sema lazima?"

Tukatazamana. Msimu mzima tulikuwa tumefungwa kwa utiifu.

Tano kwa manne ikabaki hivyo hivyo, na Jumamosi iliyofuata Salma aliingia kwenye maji yanayoonyesha mpaka chini, na baada ya wiki chache vipele vilikauka. Nisikudanganye kwamba tuliendelea kutamba. Msimu uliofuata tulicheza bila gazeti, na Kambi ya Juu wakatufunga kihalali, vibaya sana, tukarudi kwenye maji ya Ijumaa. Mama alichemsha majani ya mwarobaini. Lakini yale maji niliyaoga nikijua nimefungwa na Mashaka, kwa mkono wake wa kulia, na kwamba naweza kumsubiri mwakani.

Leo naishi Guildford, hapahapa Sydney, nafanya kazi ya hesabu za bima, na binti yangu Zuhura wa miaka kumi na mitatu anacheza mchezo uleule, kwenye bwawa lenye maji ya vuguvugu na saa ya umeme ukutani. Asubuhi, wakati wa kunywa chai, Ulaya ni usiku na klabu zao zinacheza, naye anazitazama kwenye simu dakika ileile bao linapoingia. Hakuna meli. Hakuna miezi mitatu. Ningesema wametuzidi kila kitu, ila juzi nilimkuta amekaa kitandani na kofia yake ya kuchezea mkononi, hataki kuvaa. Programu ya ubashiri kwenye simu imemwambia kwamba timu yake ina nafasi ndogo mno ya kushinda Jumamosi. Sisi tulisomewa matokeo yaliyopita tukayatii. Hawa wanasomewa ambayo bado hayajatokea, nao wanayatii vilevile, tena kwa picha za rangi.

"Tumeshafungwa, Mum," akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yao. "Angalia mwenyewe."

Nikamsimulia habari ya tangi. Akacheka mpaka akalala chali. Halafu akauliza, "Na golikipa wao kweli alikuwa anakamua kaptura?" Nikajua amesikiliza.

Jumamosi walifungwa tisa kwa sita. Nilikaa kwenye benchi na Mama Furaha wa Toongabbie, Mkongo, ambaye mwanawe yuko timu hiyohiyo. "Batoto ya leo, dada," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "mbele ya" ni kabla ya na "kisha" ni baada ya, "banaogopa mbele ya kuingia mu maji. Siye tuliogopa kisha kutoka." Zuhura alitoka majini amechoka, macho mekundu, mkwaruzo begani, akamnyooshea kidole yule aliyemkwaruza. "Yule. Mwezi ujao."

Enzi zetu maji yalikuwa machafu na habari zilichelewa. Siku hizi maji ni safi na habari zinawahi kupita kiasi, na mara nyingine namtamani Bwana Yani na bunda lake la magazeti yaliyochakaa, maana angalau yeye alishangaa kuona tunayatii. Basi Jumamosi ijayo, asubuhi, ichukue simu ya mwanao, iweke kwenye droo ya jikoni, kisha mpe kofia yake mkononi na umwambie aingie majini.