Onyo Lililosubiri Salamu

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kutafiti kwa nini wauguzi hupuuza maonyo ya kompyuta. Katika zahanati moja ya Likoni, faili za wagonjwa zilikuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta, nayo ilimwonya muuguzi kabla hajatoa dawa isiyomfaa mgonjwa. Takwimu zilionyesha kwamba muuguzi mkuu, mama mcheshi aliyeniita mwanangu tangu asubuhi ya kwanza, ndiye aliyepuuza kuliko wote. Ripoti yangu ikisema hivyo, kompyuta yake ingepelekwa kituo kingine, naye arudi kupekua makabati ya faili za karatasi.

Sikumwambia. Nilijiuliza kama chai aliyokuwa akinipa ni rushwa. Nikajiuliza tena kama kuikataa ni utovu wa adabu. Nikainywa, na mahamri nikala, kwa dhamiri nzito.

Kisha nikaomba kuketi chumbani mwake. Alifungua faili, onyo likatokea kwa rangi nyekundu: mgonjwa ana presha, asipewe dawa fulani za maumivu. Kabla hajalisoma, akaingia mwenye faili, nyanya mmoja na bakora yake. Muuguzi akaipa kompyuta mgongo.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Wanao hawajambo?"

"Hawajambo. Na yule mjukuu aliyeolewa?"

"Ana mimba, wallahi!"

Wakapita kwa mume wa mjukuu, kwa mamake mume, mpaka kwa mbuzi wa mamake mume. Mimi nimezaliwa Changamwe na wazazi waliotoka bara. Kwetu "mambo" na "poa" zilimaliza kazi. Nikatazama kioo cha kompyuta. Kilikuwa kimejifunga, kama kilivyopangiwa kikikaa bila kuguswa, watu wasichungulie siri za wagonjwa. Muuguzi akageuka, akaandika neno lake la siri upya, faili ikafunguka. Onyo halikurudi. Kompyuta ilidhani ameshaliona, ikahesabu kwamba amelipuuza.

"Haya, magoti. Nikuandikie ile ya maumivu..."

"Sista, ngoja!"

Nilipiga ukelele hadi nyanya akainua bakora.

"Una nini, mwanangu? Umeumwa na nge?" muuguzi akauliza.

Nikaeleza yote, hata ripoti, huku nikigugumiza. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kumbe nimeshtakiwa kwa kusalimu watu!"

"Asiyenisalimu," nyanya akasema, "haonyeshwi magoti yangu."

Akaandikiwa dawa nyingine, akaondoka zake. Mimi nikabaki kumwandikia msimamizi wangu, nikifuta na kuandika tena, nikihofia kwamba "salamu" si neno la kitaalamu. Mwishowe nililiacha libaki. Nilipendekeza onyo libaki pale pale mpaka muuguzi alisome na kulibonyeza mwenyewe, hata kioo kikijifunga mara ngapi.

Wiki iliyofuata fundi alitokea zahanati na begi tupu. Nilijua amekuja kuing'oa kompyuta. Akaketi, akabonyeza hapa na pale, akasema, "Tayari. Onyo sasa halitoroki."

"Na kompyuta?" nikauliza.

"Kompyuta gani? Inabaki."

Muuguzi akapiga kigelegele. Wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi nje wakakipokea bila kujua ni cha nini, hata mimi nikajaribu, sauti ikanikatika.

"Nani kaolewa?" mmoja akauliza mlangoni.

"Huyu hapa," muuguzi akajibu, akiipangusa kompyuta vumbi kwa khanga yake. "Na haendi kwa mume mwingine!"